Chama cha wapiga ngoma: mtoto atapiga, au sisi ndo tutapigwa?

"Habari mwalimu. Tunaishi Indianapolis huu mwaka wa sita, mimi kwetu Kigoma, mume wangu Mrundi. Kijana wetu wa miaka 14 yuko bendi ya shule upande wa ngoma. Juzi mwalimu wake katupa karatasi mbili. Moja ina mapigo arobaini anatakiwa ayajue. Nyingine inasema ni vizuri tumuandikishe kwenye chama kinaitwa Percussive Arts Society, kuna ada ya mwaka, alafu kuna Jumamosi moja ya mafunzo, alafu mkutano mkubwa mwezi wa kumi na moja nao una kiingilio. Mume wangu anauliza, wameandika wenyewe kwamba hawatengenezi faida, sasa hela ya nini tena? Kama ni shirika la kusaidia si wangempa mtoto ngoma? Shemeji yangu, ambaye ndo kamfundisha ingoma za Burundi tangu ana miaka saba, anasema hayo mapigo ya karatasi yatamharibu mkono. Na mimi la kwangu, mtoto anagonga meza kutwa nzima, na siku za mazoezi ya bendi anarudi anasema masikio yanalia wiiii mpaka analala. Tujiunge au tuachane nao?"

Dada asante kwa swali, nimelisoma mara mbili maana humo ndani kuna maswali manne yamebebana mgongoni. Baba anaogopa kupigwa hela, shemeji anaogopa mkono, wewe unaogopa masikio, na mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza anaogopa nini (muulizeni). Ntaanza na hela kwa sababu ndo inayoleta kelele hapo nyumbani, masikio ntayaweka chini kwa sababu yana maelezo marefu, ila usisubiri mpaka ufike huko: mazoezi yajayo asiende bila vizibo vya masikio, hata vile vya sponji vya duka la dawa. Haya tuendelee.

Hicho chama ni cha kweli. Kipo tangu 1961, kilianzishwa na walimu, wapigaji na watengenezaji wa ngoma, watu waliokuwa wanataka ala za kupigwa zifundishwe na zipigwe kwa kiwango kama ala nyingine. Maana ilikuwa kawaida kabisa kwenye mashule ya Marekani (na sehemu nyingine mpaka leo, tusidanganyane) mtoto akishindwa klarineti anapewa fimbo mbili akae nyuma, na kila mwalimu anafundisha ngoma anavyojua yeye. Mmoja wa waanzilishi ni Remo Belli, yule aliyeanzisha kampuni ya kutengeneza ngozi za ngoma za plastiki, ukiangalia ngoma za shule ya mwanao usishangae ukakuta neno Remo limeandikwa pale pale fimbo inapotua. Na makao makuu ya chama yako hapo hapo mjini kwenu, walihamia Indianapolis 2007 wakitokea Lawton, Oklahoma. Kwahiyo mwambie baba, kama huu ni utapeli basi ni utapeli wa miaka sitini na kitu wenye ofisi na mlango, mnaweza hata kwenda kugonga.

Ila nampa haki yake, kuuliza ni sawa. Tena Marekani kuna njia rahisi ya kuhakiki shirika lolote la namna hii: IRS, yaani watu wa kodi, wana sehemu kwenye websaiti yao unaandika jina la shirika unaona kama kweli linatambulika, na mashirika haya yanajaza fomu kila mwaka inaitwa 990 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, mnaona wameingiza kiasi gani, wametumia wapi, na wakubwa wao wanalipwa ngapi. Mimi huwa naifungua kabla sijatoa hela yangu popote, iwe chama cha muziki, iwe kituo cha yatima. Na jambo la pili, ada lipeni kwenye websaiti ya chama chenyewe, sio kumtumia mtu kwenye simu yake eti atakulipia, hata kama ni mtu mnayesali naye.

Sasa hapo kwenye "hawatengenezi faida". Hili neno limetuchanganya wengi na sio kosa letu, sisi tulikotoka shirika lisilo la faida tumelijua kwa sura moja, linakuja na gari nyeupe, linagawa vyandarua, linapiga picha linaondoka. Kwahiyo tukisikia shirika la namna hiyo linadai ada tunahisi kuna mchezo. Maana yake kisheria ni nyembamba zaidi ya hapo: hakuna mwenye mali wa kugawana kinachobaki. Duka la ngoma likipata faida mwenye duka anaweka mfukoni, chama kama hiki kikibakiwa na hela mwisho wa mwaka lazima irudi kwenye kazi ya chama. Basi. Haimaanishi vitu vyao ni bure, haimaanishi wafanyakazi wanajitolea, umeme wanalipa kama wewe. Hela wanatoa kwenye ada za wanachama, viingilio vya mkutano, makampuni ya ngoma yanayokodi meza kuonyesha bidhaa, na michango ya watu.

Mnaoijua Unguja mtakumbuka DCMA, kile chuo cha muziki kilichojulikana kwa lile jengo la zamani la forodha, baharini kabisa. Kimeanza 2002, ni shirika lisilo la faida, wanafunzi wanachangia ada lakini ada haitoshi kulipa walimu wa qanun na udi na ngoma, sehemu kubwa ilikuwa inatoka kwa wafadhili, na mwaka 2019 wafadhili walipopungua chuo kikatangaza kinaelekea kufungwa. Mwenzenu nililia siku ile. Hapo ndo utaona kwamba ada ndogo ya mwanachama wala sio wizi, inasaidia chama kisikae mkono mmoja ukinyooka kwa mfadhili siku zote.

Kwahiyo chama cha mwanao usikiweke kwenye kundi la kikoba, kwamba unaweka kisha zamu yako ikifika unachukua, wala sio chama cha kufa na kuzikana. Kiweke kwenye kundi la vyama vya taaluma, kama chama cha walimu wa hisabati au cha wanasheria, watu wa kazi moja wanaweka hela ili wakutane, waandike, wabishane, wakubaliane viwango na wafundishe wadogo.

Ndo maana jibu la "si wangempa ngoma" ni hapana, kugawa ngoma sio kazi yake. Wana ufadhili wa masomo na wa kuhudhuria mkutano, ule upo kweli, unaombwa, mara nyingi unatuma na video ya mtoto anapiga, na wanaoomba ni wengi. Omba akishakuwa tayari lakini usiupangie bajeti. Mambo ya vifaa ulizeni sehemu nyingine kabisa, yaani shuleni. Vyombo vikubwa kama timpani (zile ngoma kubwa zenye umbo la sufuria), marimba na zile ngoma za kuvaa kifuani ni vya shule, hakuna mzazi anayetakiwa kununua, na ukiona mtu anakushawishi ununue marimba kwa mtoto wa miaka 14 mwambie unaomba namba yake utampigia. Nyinyi mnahitaji stiki, padi ya mazoezi ambayo ni kisahani cha mpira, na metronomu, kile kigonga-mwendo, ambayo ipo bure kwenye simu. Kama mwalimu anataka awe na seti ya kengele za kujifunzia (vibao vya chuma vya kugonga), muulizeni kwanza kama shule ina za kuazima, kabla ya kusaini mkataba wa kukodi dukani, ile mikataba ya kukodi mpaka iwe yako someni jumla ya malipo yote sio ya mwezi mmoja. Alafu muulizeni mwalimu, faragha, kama kuna msamaha wa ada za bendi. Shule nyingi zinao na hawautangazi. Na kwenye shule nyingi kuna kikundi cha wazazi wa bendi wanaouza maji na hotdogi kwenye mechi, nacho ni kishirika kisicho cha faida, kazi yake hasa ndo hiyo ya kusaidia watoto wa bendi. Mkienda kusaidia Ijumaa moja mtajua mambo mengi kuliko barua kumi.

Kuhusu kujiunga ntakuambia ninavyoona mimi, na kuna walimu wenzangu hawatakubaliana nami. Kwa mtoto wa miaka 14 uanachama haupitwi na wakati, ukichelewa mwaka mmoja hakuna kitu kitaharibika. Mwanachama anapata majarida, anapata hazina ya makala na video za miaka mingi, na punguzo la kiingilio kwenye mkutano. Hiyo hazina ni tamu sana kwa mwalimu na mwanafunzi wa chuo, kwa mtoto wa miaka 14 ambaye hasomi makala kabisa ni kama kumnunulia kadi ya maktaba mtu anayependa mpira. Kitu cha bei nzuri kwenye barua yenu ni ile Jumamosi. Chama kina matawi, karibu kila jimbo lina lake, na nchi nyingine kadhaa pia zina matawi, na matawi ndo yanaandaa hizo siku za mafunzo kwenye shule au chuo fulani. Mtoto anakaa chumba kimoja na mtu anayekula kwa kazi hii, anamuona kwa macho anavyoshika fimbo, anaweza akauliza swali la kijinga na akajibiwa. Nendeni hiyo. Na mmoja wenu akae naye siku nzima, sio kumuacha getini, maana maswali ya baba yatajibiwa hapo hapo.

Ule mkutano mkubwa wa Novemba unaitwa PASIC. Wa kwanza ulifanyika Rochester, New York, mwaka 1976, na kwa miaka mingi sasa unafanyika hapo Indianapolis, watu wanapanda ndege kutoka Japani na Brazil kuja mahali ambapo nyinyi mnafika kwa basi. Kwa hilo mna bahati ambayo walimu wengi wangeilipia. Lakini sikilizeni: ni siku kadhaa, madarasa mengi yako juu ya kichwa cha mtoto, na kuna ukumbi wa maonyesho ambapo makampuni yameweka ngoma na matoazi mamia kwa mamia na kila mpita njia anaruhusiwa kugonga. Ule ukumbi una kelele ambazo mimi mtu mzima wa kazi hii siingii bila vizibo. Na mtoto atatoka humo anataka vitu vitano, kwahiyo mkubaliane bajeti mkiwa bado nyumbani. Ningekuwa mimi, mwaka wa kwanza ningenunua tiketi ya siku moja tu kama ipo, nikaacha mtoto achague siku.

Haya, shemeji. Huyu nampenda kabla sijamuona, kwa sababu amefanya kazi ambayo hakuna chama kinaweza kuifanya, kumsimamisha mtoto wa miaka saba kwenye nusu duara la ingoma mpaka akaelewa. Na kwenye hoja yake kuna nusu ya ukweli.

Kwanza hayo mapigo arobaini ni nini. Waalimu wanayaita rudimenti, ni mafungu mafupi ya kulia na kushoto. Yametoka jeshini, Ulaya na baadae Marekani, enzi ngoma ndo ilikuwa simu ya kambi, pigo hili amkeni, pigo hili chakula, pigo hili rudini nyuma, na ili askari asichanganye ilibidi kila mpigaji apige sawa na mwenzake. Mwaka 1933 wapigaji 13 walikaa Chicago wakaanzisha umoja wao wakachagua mapigo 13 ya lazima, baadae yakaongezwa mengine 13 yakawa 26. Hiki chama chenu kikaunda kamati, ikakusanya na mapigo ya Kiswisi na ya watu wa okestra, na mwaka 1984 ikatoka orodha ya 40. Kwahiyo arobaini sio amri ya Musa, ni kamati ilikaa ikakubaliana. Ukiyagawa ni familia nne: roli 15, paradidoli 4, flamu (pigo dogo linatangulia kubwa) 11, dragi (madogo mawili yanatangulia kubwa) 10. Na karatasi yenyewe ipo bure onlaini, huhitaji kuwa mwanachama kuipata, hilo nalo baba alijue.

Sasa kwanini mtu ajisumbue. Piga meza kwa mkono mmoja haraka uwezavyo, utaona unafika mahali mkono unakataa, unakakamaa. Huo ndo ukomo wa pigo moja kwa mwendo mmoja. Ujanja wa ngoma hizi za shule ni kwamba fimbo ikitua kwenye ngozi iliyokazwa inaruka yenyewe kurudi juu, kama mpira wa kitenesi, basi badala ya kuinyanyua wewe unaiachia iruke na vidole vinaikamata inashuka tena, mkono umefanya kazi mara moja mapigo yametoka mawili. Kulia mbili, kushoto mbili, kulia mbili, ukiongeza mwendo inakuwa ule mvumo wa roli usiokatika. Paradidoli nayo ni kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, faida yake ni kwamba kila duru inaanza na mkono mwingine bila mpigaji kujikwaa, ukiwa na ngoma tano mbele yako hilo linakuokoa. Jina lenyewe linatamka pigo, pa-ra-di-doli, na babu zetu wote waliofundisha ngoma kwa mdomo wangeelewa hilo mara moja.

Hapo ndo shemeji ana haki. Ngoma ya bendi ya kutembea siku hizi ina ngozi ya nyuzi ngumu sana za aina ya Kevlar, imekazwa mpaka ni kama meza, fimbo inaruka yenyewe. Ingoma ya Burundi ni gogo lililochongwa, ngozi ya ng'ombe imepigiliwa vigingi, fimbo ni nene, na haikurudishii fimbo kwa namna ile. Pale sauti inatoka kwenye uzito wa mkono wote na bega na mwili unaoruka, ukileta vile vidole vya kuachia-iruke unapata sauti ya panya darini. Kwahiyo ni kweli kabisa mkono wa rudimenti ukienda kwenye ingoma bila kubadilika utasikika vibaya, na mkono wa ingoma ukienda kwenye ngoma ya shule utakakamaa, utachoka dakika ya pili na unaweza kuuma. Shemeji pengine ameshaona mtoto karudi anapiga legelege akasema ndo hivyo, ameharibika.

Lakini hajaharibika. Ni kama lugha, huyo mtoto bila shaka anaongea Kiswahili na wewe, Kirundi na baba yake na Kiingereza shuleni, na kuna siku anachanganya, mnacheka, mnamsahihisha, basi. Kinachotakiwa ni kila mkono ubaki na mazoezi yake. Akiacha kwenda kwa mjomba... samahani, kwa baba yake mdogo, kwa sababu ya bendi, hapo ndo kitapotea, na kosa litakuwa la ratiba, karatasi msiisingizie. Kama kuna kitu kimoja nakuomba ukisimamie kama mama ni hiki, Jumapili ya ingoma isiliwe na bendi.

Na kuna mambo anayo tayari ambayo wenzake shuleni wanayatafuta kwa metronomu miaka mitatu. Kwenye ingoma kuna ngoma za amashakwe zinazoshikilia mdundo usiotetereka, kuna za ibishikizo zinazoifuata inkiranya, ngoma kiongozi iliyoko katikati, na mtoto aliyekulia humo anajua kushika mdundo wake huku anasikia wa jirani, anajua kumtazama kiongozi, anajua mdundo wa mbili na wa tatu unavyoweza kwenda pamoja bila kugombana. Mwalimu wa bendi akijua hilo atamtumia. Mwambieni. Mara nyingi walimu hawajui mtoto kaja na nini mfukoni, wanaona jina gumu kutamka wanaendelea.

Wala asione haya kwamba huko ni kwa wenyewe. Chama hicho hicho kina orodha yake ya heshima ya watu wa ngoma iliyoanza 1972, na Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyekuja kusoma Atlanta 1950 akaishia kuwafundisha Wamarekani ngoma maisha yake yote, aliingizwa humo 2001. Na siku watamuweka kwenye marimba ya shule, ile yenye vibao vya mbao vimepangwa kama piano (watamuweka tu, mtihani wa kuingia bendi za jimbo hauishii kwenye ngoma moja, kuna nota, kuna vibao, kuna timpani), mwambie asome jina la hicho chombo vizuri. Ni letu. Neno ni la Kibantu, lilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani mpaka Amerika ya Kati, Guatemala wakalifanya lao, kisha kiwanda cha Deagan pale Chicago kikaanza kutengeneza za kupigia jukwaani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Watu wamelibeba miaka yote hiyo na jina halijabadilika.

Kinachobaki ni masikio, na hapa naomba usome polepole.

Ule mlio wa wiiii anaousikia ni taarifa. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, vya kuhesabika kwa maelfu, vinavyoyumba sauti ikija na kuugeuza mtikisiko kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa inavilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Ikiwa ni kidogo vinasimama tena baada ya saa kadhaa au usiku mmoja, ndo maana mlio unaisha akilala. Ikijirudia wiki kwa wiki vingine havisimami tena, vinakufa, na vikifa havioti vingine. Huoni damu, husikii maumivu, miaka kumi baadae mtu anaanza kusema "eeh?" kila mara.

Wanaopima usalama kazini Marekani, NIOSH, wanasema mtu anaweza kukaa kwenye sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Yaani 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 ni dakika 15 tu. Safu ya ngoma za bendi ikiwa ndani ya chumba chenye kuta ngumu inaweza kabisa kupita 100, na mazoezi ni saa mbili. Hesabu fanya mwenyewe. Kuna programu ya bure ya NIOSH ya kupimia sauti kwenye aifoni, siku moja nenda simama mlangoni upime, alafu muonyeshe mwalimu bila ugomvi.

Nataka niue maneno matatu hapa. La kwanza "atazoea", hapana, sikio halizoei, likianza kuona kelele ya kawaida ni kwamba limeshaanza kupungua. La pili ni pamba, pamba inazuia kidogo mno, usiitegemee. La tatu nalisikia sana kwa watu wa muziki, kwamba mbona Evelyn Glennie ni kiziwi na ni miongoni mwa wapigaji wakubwa duniani, naye yumo kwenye orodha ya heshima tangu 2008. Ni kweli, ila yeye usikivu ulimpungua sana utotoni na akajifunza kwa kazi kubwa kusikiliza mtikisiko kwa mwili mzima, sio sababu ya mtoto mzima kutupa masikio yake.

Vya sponji vinafanya kazi vizuri ukivivingirisha vikawa vyembamba, ukavuta sikio juu, ukaingiza na kushikilia mpaka vijae. Shida yake vinaziba sauti kali kuliko nzito kwahiyo mtoto anasikia kama yuko chini ya maji, anavitoa. Kwa hiyo baadae mnunulieni vya wanamuziki vyenye kichujio, vinapunguza sauti zote karibu sawasawa, vya kawaida ni kama dola 15 mpaka 40, bei rahisi kuliko jozi chache za stiki anazovunja. Na yule mwenye kugonga meza kutwa, mpe padi. Padi ni kimya, meza inapona, na wewe unapona.

Msingoje na msitegemee maelezo yangu ikiwa mlio umedumu zaidi ya siku mbili, au uko sikio moja tu, au anaanza kuongeza sauti ya tivii, au sikio linajaa na kuuma. Hapo nendeni kwa daktari apimwe usikivu na mtaalamu, na hata kama hana dalili ni vizuri apimwe mara moja sasa ili mjue alipoanzia. Ikitokea siku sikio moja limezima ghafla, hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali, sio kesho, matibabu yake yana muda. Kwa mikono vilevile, kuchoka ni kawaida, ganzi kwenye vidole au maumivu yanayobaki mpaka asubuhi sio kawaida, apumzike na aonwe, na mwalimu amuangalie anavyoshika, kwa mtoto anayehama kati ya ingoma na ngoma ya shule mara nyingi anabana fimbo kwa nguvu mno.

Kwahiyo ningekuwa jirani yenu ningewaambia hivi: vizibo wiki hii, karatasi ya arobaini mnayo tayari achukue manne tu mwezi huu kwenye padi dakika ishirini kwa siku, mwalimu wa bendi aulizwe habari za msamaha wa ada, ile Jumamosi mwende wote na shemeji mumbebe, uanachama muamue baada ya hapo mkiwa mmeshawaona watu wenyewe. Na shemeji akifika asikae nyuma kimya. Kwenye siku hizo huwa kuna muda wa maswali, ainue mkono aombe ngoma, awaonyeshe.